Kariobangi: biashara ya michezo iliyohamia vyumbani

Jumapili ya tarehe 7 Julai 2019, Kariobangi Sharks iliichapa Everton ya Uingereza kwa penalti 4-3 katika uwanja wa Kasarani, baada ya dakika 90 kuisha kwa sare ya 1-1. Nafasi ya kukutana na Waingereza hao walikuwa wameipata Januari mwaka huo jijini Dar es Salaam, walipoilaza Bandari ya Mombasa katika fainali ya SportPesa Super Cup. Siku hiyo hiyo ya mechi na Everton ndiyo aliyofariki Joe Kadenge, gwiji wa soka wa Kenya, na baadaye City Stadium ikapewa jina lake. Ni siku ambayo mpenda soka wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hataisahau.

Lakini klabu hiyo yenye jina la mtaa wa Kariobangi haichezi mechi zake za ligi mtaani. Iwe Kariobangi Kaskazini au Kusini, hakuna uwanja unaotimiza masharti ya Ligi Kuu. Sharks ilipanda daraja ikacheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2017, na msimu huo huo Masoud Juma akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, kisha akauzwa Cape Town City ya Afrika Kusini. Duke Abuya naye alitoka hapo akaenda Nkana ya Zambia, na leo Watanzania wanamjua kwa jezi ya Yanga. Kwa lugha ya biashara, mtaa huu unauza bidhaa nje ya nchi bila kuwa na kiwanda.

Wateja hawajakosekana. Vijana wa Kariobangi wana hamu ya kucheza, na wengi wao hutoa pesa mfukoni kila wiki kwa ajili ya burudani. Kilichokosekana ni ardhi, na kukosekana huko ndiko kumeamua ni biashara zipi za michezo zinakua hapa na zipi zinakufa. Zinazotosha ndani ya chumba zinastawi. Zinazohitaji hatua 50 za kukimbia zinabaki kuomba huruma ya shule, kanisa au mwenye ploti ambaye bado hajaanza kujenga.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inauma. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 unakula mita za mraba 7,140. Katika mitaa iliyopimwa ya upande huu wa jiji, kama Dandora jirani iliyoanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975, ploti zilikatwa kati ya mita za mraba 100 na 160. Ukichukua ploti ya mita za mraba 120, uwanja mmoja ni sawa na ploti 60 hivi. Sasa tuache uwanja mkubwa, tuangalie kiwanja kidogo cha wachezaji watano kila upande, mita 40 kwa 20. Hicho ni ploti saba. Tuseme kila ploti ina ghorofa tano za vyumba sita, na kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 4,000: ploti moja inaingiza 120,000 kwa mwezi, saba zinaingiza 840,000. Kiwanja cha nyasi bandia kikitoza shilingi 3,000 kwa saa, kitahitaji kuuza saa 280 kwa mwezi ili kifikie kodi hiyo, yaani zaidi ya saa tisa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nani atakodi kiwanja saa nne asubuhi siku ya Jumanne? Watu wako kazini, watoto wako darasani. Kiwanja huuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku, na wikendi. Ndiyo maana mwekezaji anayetaka kujenga viwanja vya kukodi huviweka upande mwingine wa jiji, au pembezoni ambako ardhi inasubiri thamani ipande.

Ubaya ni kwamba bei hiyo haiwashindi watu wa mtaa. Wachezaji 12 wakichanga shilingi 250 kila mmoja, saa imelipwa. Kinachoshindikana ni mchango huo kushindana na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo pesa imejipenyeza vyumbani. Tembea barabara yoyote ya Kariobangi Jumamosi mchana utaona ubao mweusi umeegemezwa mlangoni, mechi na saa zake zimeandikwa kwa chaki: Arsenal, Chelsea, na ile ya usiku ya Uhispania. Ndani kuna mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, pazia zito limefungwa dirishani kuzuia mwanga, na televisheni mbili au tatu zimening'inizwa juu. Kiingilio ni kati ya shilingi 20 na 50 kutegemea ukubwa wa mechi. Gharama zinazomkaba mwenye banda ni kodi ya chumba, malipo ya king'amuzi, tokeni za umeme, na leseni: ya kaunti, na ya Bodi ya Kuainisha Filamu kwa kuwa mara nyingi usiku huonyeshwa sinema. Stima ikipotea dakika ya 60 ya mechi ya mahasimu, wateja hudai pesa zao, na wengine huzidai kwa mikono. Aliye na jenereta ndiye anayedumu katika kazi hii.

Kando yake kuna chumba cha gemu, ambako mtoto hulipa shilingi 10 au 20 kwa mchezo mmoja wa PlayStation, na meza ya pool inayokula sarafu. Ni biashara ndogo zenye mzunguko wa haraka, na mtaji wake unaweza kutoka kwenye chama. Siwalaumu wenye nazo. Wameuza kile ambacho nafasi yao inaruhusu kuuzwa. Ila tusijidanganye kwamba hayo ni michezo kwa maana ya mwili kutoka jasho.

Biashara moja ya chumbani inayotoa jasho kweli ni jimu, na hapa Kariobangi ina bahati isiyopatikana kwingine: eneo la Light Industries. Mafundi wale wale wanaoyeyusha aluminiamu na kuchomelea mageti huchomelea pia benchi za kunyanyulia vyuma. Fundi huchukua bomba zito, gia ya gari kuukuu iliyotoboka katikati, na pedi ya sponji iliyovishwa ngozi bandia. Mteja akija na picha kwenye simu, fundi hupima kwa macho na kutaja bei. Kwa asiye na mtaji hata huo, kuna njia ya zamani zaidi: mikebe miwili ya rangi inajazwa saruji, nondo inapitishwa katikati, baada ya siku chache uzani uko tayari. Jimu ya namna hiyo hutoza takriban shilingi 50 hadi 100 kwa siku, au malipo ya mwezi kwa wateja wa kudumu. Gharama ya vifaa hulipwa mara moja na vyuma havizeeki haraka, kwa hiyo hesabu inakaa sawa hata katika chumba cha nyuma chenye bati linalochemka mchana. Huu ndio mnyororo wa thamani uliokamilika mtaani kuliko wote: malighafi, fundi, mwenye jimu na mteja wanaishi mwendo wa dakika 15.

Ukihesabu vichwa katika mabanda, gemu na jimu, hata hivyo, utaona wanaume na vijana wa kiume wengi kupita kiasi. Soko limempata anayelipa jioni na asiye na zamu ya jikoni. Msichana wa miaka 13, mama anayetaka kutembea kwa afya yake, mzee aliyeambiwa na daktari apunguze sukari: hao soko haliwaoni. Walipopata nafasi, ilitoka katika majengo ya umma. Boxgirls Kenya, mradi wa ndondi kwa wasichana, uliota mizizi hapa Kariobangi na kutumia ukumbi wa jamii wa mtaani. Hakuna mwenye nyumba ambaye angempa binti asiye na kitu chumba cha ukubwa ule. Wasichana hao walikuwa wakivaa glavu tayari wakati ndondi za wanawake zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, London 2012, na Kenya ikawakilishwa na Elizabeth Andiego. Ukumbi mmoja wa zamani wa serikali ya mtaa ulifanya kazi ambayo biashara zote za mtaa hazikuweza kuifanya.

Ndiyo sababu suala hili haliwezi kuachiwa soko pekee. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti vifaa vya michezo na utamaduni, bustani na maeneo ya burudani. Kinachoikwamisha kazi hiyo kilianza kabla ya kaunti kuzaliwa mwaka 2013. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, vikiwemo viwanja vya michezo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Januari 2015 nchi nzima iliona picha za wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road wakirushiwa vitoa machozi walipokuwa wakidai uwanja wao. Lang'ata walirudishiwa kwa sababu kamera zilikuwapo. Kiwanja cha mtaani kisicho na hatimiliki, kisicho na uzio na kisicho na kamera humegwa polepole: kwanza kibanda, kisha gereji, kisha mabati, kisha msingi wa ghorofa.

Wakati huo huo pesa za michezo nchini zipo, na si haba. Uwanja mpya unaojengwa kando ya Ngong Road kwa ajili ya AFCON 2027, wa watu 60,000, ulitafutiwa fedha kwa dhamana ya karibu shilingi bilioni 45 iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025, kwa riba ya takriban asilimia 15. Kenya, Uganda na Tanzania zimejifunga kuandaa mashindano hayo, na sipingi. Kasarani nayo ilijengwa kwa ajili ya michezo ya Afrika ya 1987 na mpaka leo inatumika. Agosti 2025 fainali ya CHAN ilichezwa pale. Lakini Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii hupata fedha zake kwa sehemu kubwa kutokana na kodi za kamari, na kijana wa Kariobangi anayeweka mkeka wa shilingi 50 kwenye simu ni mchangiaji wake mwaminifu. Ana haki ya kuuliza ni mita ngapi za nyasi amerudishiwa karibu na kwao.

Wadhamini nao wamethibitisha kuwa si wa kutegemea. SportPesa, kampuni ya kamari iliyoileta Everton, iliondoa udhamini wake kwa michezo ya Kenya mwezi mmoja tu baada ya mechi ile, kufuatia mvutano wa leseni na kodi. Kampuni nyingine ya kamari, BetKing, ilisaini kudhamini Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 1.2 mwaka 2020, ikajitoa mwaka uliofuata. Kampuni ikiondoka hubeba nembo yake. Kiwanja chenye hatimiliki hakiondoki.

Mifano ya kufanya vizuri haiko mbali. MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, kiliunganisha ligi ya watoto na usafi: timu ikizoa taka mtaani hupata alama zinazoingia kwenye jedwali la ligi. Kazi ya watoto ikawa ndiyo malipo ya matumizi ya kiwanja, na kutoka humo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa Ligi Kuu ya 2008. Dandora, makundi ya wakazi yamegeuza nyua zilizokuwa jaa la taka kuwa bustani na sehemu za watoto kuchezea, kila nyumba ikichanga kila mwezi na vijana wakiongeza mapato kwa kuosha magari. Uwanja wa Dandora nao, ulioanza wakati wa gavana Evans Kidero na ukachelewa miaka mingi, sasa una nyasi bandia na unapokea mechi za Ligi Kuu, kama Camp Toyoyo ya Jericho.

Nyasi bandia zinaleta tatizo lake. Uwanja ukishatandikwa unawekewa uzio, geti, mlinzi na bei. Watoto waliokuwa wakicheza pekupeku kwenye vumbi huachwa wakichungulia kwenye waya. Dawa yake ni ratiba iliyobandikwa getini na kufuatwa: saa za asubuhi na mchana, ambazo tumeona hazina soko, ziwe za shule na watoto bila malipo, jioni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili ziwe za timu za mtaa, za wasichana zikitengewa siku zao, saa za usiku chini ya taa na Jumapili mchana ziuzwe kwa bei kamili kwa makampuni, vyama na watu wa mitaa mingine. Mapato ya usiku yalipe mlinzi, maji, umeme na ukarabati wa nyasi, ambazo kwa matumizi ya kila siku huisha ndani ya miaka kumi hivi na lazima ziwekewe akiba tangu mwaka wa kwanza. Mwendeshaji anaweza kuwa chama cha wakazi kwa mkataba na kaunti, hesabu zikisomwa hadharani kila baada ya miezi mitatu. Kodi ya ardhi haimo katika hesabu hii kwa sababu ardhi ni ya umma, na hapo zile saa 280 za kila mwezi hazihitajiki tena. Saa nne za kulipiwa kwa siku, kwa shilingi 3,000, ni shilingi 360,000 kwa mwezi.

Kabla ya yote hayo ni lazima mpima ardhi aje na vigingi vyake, na vipande vilivyobaki Kariobangi Kaskazini na Kusini viandikishwe kwa jina la kaunti kama viwanja vya michezo. Kazi hiyo haihitaji dhamana ya mabilioni wala mdhamini wa kamari, na mwakilishi wadi anaweza kuidai katika bajeti ya mwaka huu.