Sangara Minofu Yake Ulaya, Kichwa Chake Kirumba

Oya mwana, wewe unayekesha na video za Barcelona na Naples kwenye simu, kausha kidogo. Mji wa maji, msosi wa maana, nyumba za kushangaza na watu wanaojua kula bata upo Kanda ya Ziwa, unaitwa Mwanza, na viza huombi. Hata Capri ipo: Waitaliano wana kisiwa, sisi tuna Capri Point, ushuani kwetu. Tatizo la wageni ni moja. Mtu akishuka tu, mbio hadi Bismarck Rock, anapiga selfie na lile jiwe lenye jina la chansela wa Ujerumani, anaposti, anasepa. Mwanza hajaiona huyo. Panda daladala, uje uswazi, Kirumba.

Anzia Mwaloni, soko la samaki, na uwahi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanavutwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika na mzigo unakata. Kukipambazuka pamechangamka kinoma: boti zinashusha, wabebaji wanapiga kelele upishe, magunia ya dagaa yanapangwa, mengine safari yake ni hadi Kongo. Pembeni kuna watu wametulia na mabondo, yale mafuko ya hewa ya sangara. Usiyacheke. Wachina wanayalipia mkwanja mrefu.

Njaa ikishika, tafuta kibanda cha mama.

"Shikamoo mama, naomba sato."

"Marahaba mwanangu. Mkubwa, au saizi ya mfuko wako?"

Anampaa magamba, anamchanja mbavuni mara tatu, chumvi na ndimu zinaingia kwenye michanjo, halafu anamtumbukiza kwenye mafuta yanayounguruma juu ya kuni. Anatoka ngozi kavu, nyama ndani bado ina maji yake. Ugali wa muhogo, pilipili, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa kwa karanga. Kijiko cha nini? Nawa mikono.

Sasa sikia hii. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili, alipandikizwa miaka ya 1950. Viwanda vya hapa vinamkata minofu inapanda ndege, na Hispania na Italia ni wateja wa siku nyingi. Huku kitaa kinabaki kichwa cha supu na mapanki, ile mifupa yenye nyama kidogo inayokaangwa. Kwa hiyo huko unakokuota huenda wanakula samaki wetu, tena bila kichwa. Mtu aliyekunywa supu ya kichwa cha sangara saa moja asubuhi anajua nani kapunjwa.

Ukishiba, inua macho uone ramani ya mji: mawe. Mji wa mawe wanauita Rock City, na vilimani fundi habishani na jiwe. Jiwe linakuwa msingi, ukuta wa nyuma, au uwanja wa kuanika nguo na dagaa. Njia ni vingazi vinavyopita katikati ya mlango wa huyu na jiko la yule, kwa hiyo salimia kila unayempita. Vaa raba, achana na yeboyebo. Na usijazwe na picha: huko juu kuna watu wanapandisha ndoo ya maji kichwani kila siku.

Utamaduni upo Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini, kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Ngoma za watemi zipo, na banda lenye umbo la kiti cha enzi. Ila mzuka wenyewe ni Bulabo, tamasha la ngoma la mwezi wa Juni. Bagika na Bagalu, makundi yenye bifu la tangu enzi za mababu, wanacheza kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake. Anayevuta nyomi ndiye bingwa. Ndiyo maana wengine wanaingia na chatu.

Ujanja wa mwisho: Bulabo ilianzia kwenye sikukuu ya Ekaristi, inayohesabiwa kutoka Pasaka, na Pasaka hufuata mwezi mpevu. Yaani ngoma zinaanza mwezi bado mkubwa na dagaa ni wachache. Wewe usiharakie kusepa. Giza likirudi, Mwaloni inafurika.