Watoto wetu katika maduka ya ugenini

Ndugu zetu wengi waliotoka Kivu wakapitia kambi za wakimbizi wanaishi sasa Marekani, nao wanatuuliza: je, ni vizuri kuwapeleka watoto katika yale majengo makubwa ya maduka? Sehemu za kaskazini baridi inawafungia watoto nyumbani miezi mingi. Ndani ya majengo hayo kuna joto, tena kuingia ni bure.

Tuelewe kwanza jengo lenyewe. La kwanza Marekani kufunikwa lote, Southdale, lilifunguliwa Edina, Minnesota, mwaka 1956. Aliyelichora, Victor Gruen, naye alikuwa mkimbizi: alitoroka Vienna mwaka 1938. Alitaka pawe mahali pa watu kukutana. Lakini biashara ina hesabu yake: maduka makubwa huwekwa kwenye ncha mbili, ili mtu apite mbele ya madogo yote. Na mtoto anaona zaidi yetu.

Basi hatukatazi. Wapelekeni, ila mwambieni mtoto mkiwa bado mlangoni, kabla hajakishika kiatu: leo tunatembea, hatununui. Mwambieni na sababu. Mzazi akinyamaza, mtoto hudhani baba hampendi, kumbe mshahara umeishia kwenye kodi ya nyumba.