Mwanafunzi Naye Aseme

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini hebu keti nyuma ya darasa katika shule zetu nyingi, kipindi kizima cha dakika 40, uhesabu ni nani anayeuliza. Aghalabu ni mwalimu. Mwanafunzi hujibu neno moja, au darasa zima huitikia kwa pamoja, kisha yanayofuata ni kunakili ubaoni. Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuzungumza dakika mbili mfululizo mbele ya wenzake. Akiingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Hapo aliyekuwa akisema kidogo hunyamaza kabisa.

Wiki hii nazungumzia njia moja ya kuuvunja ukimya huo, nayo ni podikasti ya wanafunzi. Neno hilo lilianza kuandikwa mwaka 2004. Maana yake ni kipindi cha sauti kilichorekodiwa na kuhifadhiwa, ili mtu akisikilize wakati anaoutaka yeye, si mpaka saa ya redio ifike. Mwalimu akilisikia neno hili huwaza studio, kompyuta na fedha za mfadhili. La hasha! Kinachotakiwa ni simu moja ya mwalimu yenye kinasa sauti, madaftari, na swali zuri.

Kufundishana kwa sauti si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Lakini redio haikufanya kazi peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Sauti ilikuwa mwanzo tu, na kazi yenyewe ilikuwa katika kikundi. Podikasti ya wanafunzi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila sasa mtoto anatoka kwenye kiti cha msikilizaji na kukaa kwenye kiti cha mtayarishaji.

Tuchukue mfano wa shule iliyo chini ya milima ya Uluguru. Wanafunzi wa Morogoro mjini huiona kila siku minara ya mawasiliano iliyo kileleni Bondwa. Milima hiyo hiyo ina historia ambayo wengi wao hawajapata kuisikia. Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, udongo wenye rutuba ulifukiwa chini, na watu waliingiwa na hofu juu ya ardhi ya koo zao. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, leo yu katika umri wa miaka 80 au zaidi. Wangapi wamebaki wa kutusimulia? Hazina hii haingoji bajeti.

Basi mwalimu wa historia au wa Kiswahili aanzeje?

Kwanza, aligawe darasa. Kwa wanafunzi 60, vikundi kumi vya watu sita vinatosha. Awepo mtangazaji, muulizaji, mwandishi, mtunza saa, fundi wa kinasa sauti na mhariri. Kila kipindi kipya wabadilishane kazi, ili mwenye haya asijifiche kwenye saa mwaka mzima.

Pili, kabla ya kugusa simu, wakae na maswali. Hapa ndipo somo lilipo. Ukimwuliza mzee, "Je, zamani mlichimba ngazi?" atakujibu "Ndiyo," na mazungumzo yamekwisha. Ukimwuliza, "Shikamoo babu. Siku mlipoambiwa mchimbe ngazi, nyumbani kwenu mlisemaje?" hapo umefungua mlango. Kila kikundi kiandike maswali matano, wenzao wayachambue, na matatu yaliyo bora yabaki. Tena wamfuate mtu wa pili ili kulinganisha masimulizi, maana kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi kuwa historia.

Tatu, warekodi kifupi. Dakika tano zinatosha. Simu iwekwe katika hali ya ndege, wasije wakakatizwa na mtu anayepiga. Ishikwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi "p" na "b" isikipige kinasa sauti. Darasa tupu lenye sakafu ya saruji hutoa mwangwi, hivyo chumba kidogo chenye mapazia au magunia ni bora. Na wakati wa masika wawahi asubuhi, kwani mvua ya Uluguru ikishaanza kupiga bati, hakuna fundi atakayeiondoa.

Katika sekondari, faida ya lugha ni kubwa. Wanafunzi wapange mawazo yao kwa Kiswahili, kisha waandike na kurekodi kwa Kiingereza. Akikosea, anarudia, na hakuna wa kumcheka. Akijisikiliza, anayagundua makosa yake mwenyewe kabla mwalimu hajashika kalamu nyekundu. Nafasi hiyo haipatikani kwa mtoto aliyesimamishwa ghafla mbele ya darasa.

Mwalimu akitoa alama, asizitoe kwa uzuri wa sauti. Aangalie haya: swali lilikuwa wazi? Muulizaji alilisikiliza jibu, au alikimbilia swali linalofuata? Habari imehakikishwa kwa mtu wa pili?

Sasa linakuja suala la kusikiliza. Kipindi cha dakika tano kikihifadhiwa kwa kiwango cha kawaida cha sauti ya kuzungumza ni kama megabaiti mbili na nusu tu. Kinahamishwa kwa kadi ya kumbukumbu na kupigwa kwenye spika ya shule wakati wa mstarini. Wasikilizaji wa kwanza wawe shule yenyewe. Haraka ya kwenda mtandaoni ya nini? Sauti ya mtoto ikishatoka huko, hairudi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu inaweza kumtambulisha. Tunazo pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizoandikwa upya mwaka 2020. Mkuu wa shule aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano, apate na idhini ya wazazi kwa maandishi. Mzee naye aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa, na akisema jambo fulani lisitoke, lisitoke.

Wapo watakaosema mtaala ni mrefu na mtihani unakaribia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, unasisitiza umahiri, na umahiri wa kuzungumza haupatikani kwa kunakili. Kipindi kimoja kwa muhula kwa kila kikundi hakitauangusha ufaulu wa shule. Wala hapana haja ya kuvunja utaratibu unaomkataza mwanafunzi kuja na simu, kwa kuwa simu ni ya mwalimu na inabaki mkononi mwake.

Nawe mzazi uliye mjini, usidhani haya ni ya walimu peke yao. Mtoto akija nyumbani na daftari, akakuuliza mlivyoishi zamani, usimwambie, "Niache, nimechoka." Mjibu, kisha mwache aulize na swali la pili. Mtoto aliyezoea kusikilizwa nyumbani hatatetemeka mbele ya kinasa sauti, wala kesho hatatetemeka mbele ya mwajiri, hakimu au mkutano wa kijiji.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.