Baraza la gumzo ndani ya kompyuta kuukuu

Si ajabu siku hizi, katika nyumba nyingi za mijini, mama aliye jikoni kumwandikia mwanawe aliye chumbani ujumbe wa simu kumwarifu kwamba chakula kiko tayari. Umbali kati yao ni hatua kumi. Lakini ujumbe wenyewe hautembei hatua kumi. Hutoka nje ya nyumba, hupitia mitambo ya kampuni ya kigeni, kisha hurudi chumbani. Bando la data nalo limepungua.

Mambo yakiwa shwari hakuna anayejali. Lakini mnamo Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika ulimwenguni kote kwa takriban saa sita baada ya kampuni yenyewe kukosea katika kurekebisha mitambo yake. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikadorora nchini Kenya na katika nchi jirani. Siku kama hizo, hata watu walio chini ya paa moja hushindwa kuandikiana.

Je, kuna njia nyingine? Naam, ipo, na aghalabu imelala chini ya meza ikikusanya vumbi. Kompyuta ya mezani iliyoachwa na kaka aliyemaliza chuo yaweza kugeuzwa seva ya gumzo ya jamaa, ya bweni au ya darasa.

Neno seva lisimtishe msomaji. Seva ni kama karani wa posta: hupokea ujumbe kutoka kwa huyu na kumfikishia yule. Kinachoifanya kompyuta kuwa seva ni programu iliyowekwa ndani yake, wala si ukubwa wala bei yake.

Mojawapo ya mitindo ya kale ya gumzo hili ni IRC, iliyobuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland mnamo Agosti 1988. Jaribio la mapinduzi lilipotokea Moscow mnamo Agosti 1991, watu waliitumia IRC kupeana habari wakati vyombo vya utangazaji vilikuwa vimebanwa. Kanuni zake ziliandikwa rasmi mwaka wa 1993, na hadi leo zinafuatwa.

Mashine gani yatosha?

Programu iitwayo ngIRCd ni nyepesi mno na haiuzwi. Hufanya kazi vizuri kwenye mfumo wa Debian, ambao pia ni wa bure. Kompyuta yenye RAM ya GB 1 yatosha kwa kazi hii mradi usiijaze mapambo ya skrini. Jambo moja la kuangalia ni kwamba Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena njia ya kusakinishwa kwenye mashine za biti 32. Hakikisha yako ni ya biti 64. Pia nakili mahali pengine picha na barua zote zilizomo, kwani kuweka mfumo mpya hufuta vya zamani.

Utahitaji pia ruta ya nyumbani, ile inayogawa Wi-Fi. Intaneti utaihitaji wakati wa kusakinisha na, mara moja moja, kuipa programu marekebisho ya usalama. Baada ya hapo gumzo huendelea hata bando likiisha, mradi ruta ina umeme.

Hatua kwa hatua

Kwanza, andika amri hii: sudo apt install ngircd. Programu itajipakua na kujiweka yenyewe.

Pili, fungua faili ya mipangilio iliyo katika /etc/ngircd/ngircd.conf. Mistari inayoanza kwa nukta-mkato au alama ya # haihesabiwi, kwa hivyo ondoa alama hiyo mwanzoni mwa mstari unaotaka ufanye kazi. Katika sehemu ya Global, ipe seva jina kwenye mstari wa Name. Jina hilo sharti liwe na nukta ndani yake, kwa mfano gumzo.nyumbani. Kwenye mstari wa Password weka neno la siri la kuingilia. Ukikuta mstari wa Listen wenye 127.0.0.1 peke yake, ubadilishe uwe 0.0.0.0, la sivyo mashine itajisikiliza yenyewe tu na wengine watagonga mlango bure.

Tatu, katika sehemu ya Options andika PAM = no, kwa sababu neno la siri la pamoja halifanyi kazi PAM ikiwa imewashwa. Katika sehemu ya Limits kuna MaxNickLength, yaani urefu wa jina la mtumiaji, ambao kwa kawaida ni herufi 9. Wanjiku ataingia bila taabu, lakini MamaAchieng, mwenye herufi 11, hatatosha. Ongeza hadi 20 ili kila mtu aitwe ajuavyo.

Nne, katika sehemu ya Channel taja baraza lenyewe, mathalani #nyumbani au #hisabati. Katika sehemu ya Operator, mteue mtu mzima mmoja na kumpa neno lake la siri. Huyu ndiye mwenye uwezo wa kumkata kwenye seva anayewavuruga wenzake.

Mwisho, kagua kazi yako kwa amri sudo ngircd --configtest, kisha iwashe upya kwa sudo systemctl restart ngircd. Amri hostname -I itakuonyesha anwani ya mashine, kwa mfano 192.168.1.20. Ingia katika mipangilio ya ruta uifunge anwani hiyo kwa kompyuta hii, ili isibadilike kila stima inapopotea.

Kuingia barazani

Kila mmoja ahitaji programu ya IRC kwenye simu au kompyuta yake. Kwenye Windows kuna mIRC, iliyoanza kutolewa mwaka wa 1995, na kwenye Linux kuna WeeChat na irssi. Mtumiaji huandika anwani ya seva, mlango nambari 6667 na neno la siri, kisha huandika /join #nyumbani. Ni hayo tu.

Hata hivyo, IRC haiweki akiba ya maneno. Asiyekuwepo baraza linapozungumza hatakuta kitu akirudi. Wanaotaka ujumbe uwasubiri watu waliotoka wajaribu Prosody, inayofuata mtindo wa XMPP, ambapo kila mtu hufunguliwa akaunti yake. Mtindo huu si wa kudharauliwa, kwani WhatsApp yenyewe ilianza kwa kuirekebisha ejabberd, programu ya ukoo huo huo.

Gharama ya stima

Bure haina maana kwamba hakuna gharama. Kompyuta inayokula wati 50 ikiachwa ikiwaka mchana na usiku hutumia uniti 1.2 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi wa siku 30. Ukiiwasha saa nne tu jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani, uniti hushuka hadi 6 kwa mwezi. Kwa jamaa inayonunua tokeni za shilingi mia mbili mbili, tofauti hiyo si ndogo.

Ulinzi na heshima

Mlango 6667 hupitisha maneno yakiwa wazi, bila kufichwa. Mjuzi aliye kwenye Wi-Fi iyo hiyo aweza kuyasoma. Kwa hivyo usiufungulie ulimwengu mlango huo kupitia ruta. Ikiwa ni lazima watu wa nje waingie, tumia TLS, ambayo hufunga ujumbe na aghalabu hupitia mlango 6697. Neno la siri la Wi-Fi nalo lisiwe la kuandikwa ukutani.

Kuna jambo zito zaidi. Anayemiliki seva ana uwezo wa kuchungulia yanayopita ndani yake. Baba akiiweka kwa siri ili awapeleleze wanawe, watahamia kwingine kesho yake, na imani iliyovunjika hairudishwi kwa amri ya kompyuta. Ni afadhali jamaa ikae chini na kukubaliana mapema: nani anaitunza mashine, nini kinahifadhiwa, nini hakihifadhiwi. Kwa shule, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Mwalimu anayetaka kuwafungulia wanafunzi akaunti na awaandikie wazazi barua kwanza.

Mwanafunzi anayeisakinisha seva kama hii atajifunza katika siku mbili maana ya anwani, mlango, amri na ruhusa, mambo ambayo wengine huyakariri tu kwa ajili ya mtihani. Akikwama, na asome tena faili ya mipangilio mstari kwa mstari. Mara nyingi kosa huwa ni nukta-mkato iliyosahauliwa mwanzoni mwa mstari.