Seli za Ini Ndani ya Shanga za Mwani



Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Ustadhi, ini likiharibika, mtu anaweza kuazimwa jingine?" Wenzake walicheka, lakini swali ni zuri.

Kazi ya ini

Ini husafisha sumu katika damu, hutengeneza protini na huweka akiba ya sukari. Allah Ameliumba na sifa ya pekee: likiumia, hukua tena, mradi lipate muda. Shida ni pale linapofeli ghafla, kwa mfano kwa virusi au kwa kumeza parasetamoli kupita kipimo. Mgonjwa anaweza kufariki kabla halijajirudi.

Shanga zinavyofanya kazi

Wataalamu huchukua seli hai kutoka katika ini lililotolewa na mtu mwingine. Seli hizo zina mitihani miwili. Kwanza, zikikaa nje ya mwili huacha kazi yake upesi. Pili, zikiingizwa kwa mgonjwa, askari wa mwili wake huzishambulia kama adui.

Kwa hiyo hufunikwa. Huchanganywa na aljineti, uteute utokanao na mwani wa kahawia (si ule mwekundu unaolimwa Unguja na Pemba). Matone yake yakiangukia maji yenye kalsiamu huganda papo hapo, yakawa shanga ndogo. Fikirini chandarua tunachotumia hapa Kasulu na Kibondo: hewa hupita, mbu hapiti. Vivyo hivyo oksijeni, chakula na sumu ya kusafishwa hupita, askari hawapiti.

Mwaka 2020 madaktari wa King's College, London, walitoa taarifa ya watoto 8 waliowekewa shanga hizo tumboni. Watoto 4 walipona bila kupandikizwa ini jingine. Idadi hiyo ni ndogo, na tiba hii bado ni ya majaribio.

Sisi tufanye nini?

Kinga tunayo. Tanzania ilianza mwaka 2002 kuchanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B; chanjo hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Kwa hiyo:

1. Wazazi, kagueni kadi za kliniki za watoto.
2. Watu wazima, tuulize hospitali kuhusu kupima na kuchanjwa.
3. Dawa za homa tusizimeze kwa kukisia.

Basi ewe uliyeuliza: kupandikizwa ini jingine kupo, ila ni kazi nzito. Shanga hizi huliazima ini muda tu, lijijenge lenyewe.

Wabillahi tawfiq.