Kinengenenge, Jirani Tusiyemjua

Mpenzi msomaji, ukiwa mwenyeji wa Voi bila shaka unawajua ndovu wa Tsavo. Hata watalii huvuka bahari kuja kuwaona. Lakini nikikuuliza kinengenenge ni nani, pengine utacheka ukidhani nakutegea kitendawili. Basi tega sikio nikujulishe, kwani huyu ni jirani yetu wa karibu.

Kinengenenge wa Taita ni ndege mdogo sana. Uzito wake ni gramu 10 hivi, yaani inabidi wakusanyike 100 ndipo watimie kilo moja! Mgongo wake ni wa kijani, koo ni la manjano na tumbo ni la kijivu. Alama yake kubwa ni duara jeupe pe pe pe linalozunguka kila jicho, utadhani amevaa miwani. Hutembea kwa makundi, wakiitana kwa sauti nyembamba huku wakipekua majani kutafuta wadudu. Hula pia matunda madogo ya mwitu na kunywa maji matamu ya maua.

Vinengenenge wa aina nyingine wameenea Afrika, Asia hata Australia. Lakini huyu wetu, ambaye wataalamu walimpa jina la Zosterops silvanus mwaka 1935, hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya Milima ya Taita na Mlima Kasigau. Neno hilo silvanus maana yake ni "wa msituni", na kweli msitu ndio maskani yake.

Sasa utauliza, mbona sisi tulio hapa chini hatumwoni? Hapa Voi ni joto, vumbi na vichaka vya miiba. Huko juu mambo ni tofauti. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hukutana na milima, zikapanda, zikapoa na kuwa ukungu na mvua. Kwa hiyo msitu wa huko ni wenye unyevu mwaka mzima, na miti yake imevaa kuvumwani hadi kwenye matawi. Ndege wa msitu huo ni kama watu wa kisiwani, na nchi kavu inayowazunguka ndiyo bahari yao.

Zamani kisiwa hicho kilikuwa kikubwa. Watu walipokata miti kwa ajili ya mashamba, mbao na kuni, kilivunjika vipande vipande. Leo vipande vikubwa vya Milima ya Taita ni vitatu tu: Mbololo, chenye hekta 200 hivi, Ngangao, hekta 120 hivi, na Chawia, ambacho hakifiki hekta 100. Vingine ni vidogo mno, na baadhi yavyo havizidi shamba la hekta tano.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza. Watafiti walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na zile za 2004, wakaona kwamba nusu ya msitu wa asili ilikuwa imetoweka. Lakini eneo lote lenye miti lilikuwa limepungua kwa asilimia 2 tu! Kulikoni? Kumbe palipokatwa miti ya asili palipandwa misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Ukitazama kwa mbali utasema, "Mlima wetu bado ni wa kijani!" Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ingia chini ya misonobari utafute matunda ya mwitu na vichaka vya kujengea kiota. Utatoka mikono mitupu, na kinengenenge vivyo hivyo.

Tena hata msitu wa asili ukiharibiwa nusunusu, ndege huumia kimyakimya. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti kutoka Kenya na Ubelgiji waliwanasa ndege wa Taita kwa nyavu, wakawapima, wakawavisha pete miguuni na kuwaachilia. Mmoja wao ni mkesha wa Taita, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa. Waligundua kuwa miguu ya mikesha wa Chawia, msitu ulioharibiwa zaidi, ilitofautiana kushoto na kulia kuliko ile ya wenzao wa Mbololo. Ndege aliyekua kwa taabu huonyesha taabu hiyo mwilini.

Huenda mtu akasema, "Ndege wa gramu 10 ananihusu nini?" Anakuhusu, ndugu yangu. Mto Voi unaanzia katika milima hiyohiyo. Majani yanayomlisha kinengenenge ndiyo yanayonasa ukungu, na udongo wa msitu ndio unaohifadhi maji na kuyaachilia polepole.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, siku ya kupanda miti itakapofika tusichukue tu mche wowote ulio karibu. Tuulize kwanza, "Huu ni mti wa hapa, ama ni mgeni?" Wazee wetu wanaijua miti ya asili kwa majina. Tuwaulize wakiwa bado wapo, na kinengenenge pia akiwa bado yupo.