Mipangilio ya Faragha ya Kivinjari Hutunzwa, Haiwekwi Mara Moja

Lango la Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, ndipo wageni wengi huanzia safari ya kuupanda Mlima Meru. Waongoza watalii na wenye nyumba za wageni wa eneo hilo hupokea maombi, nakala za pasipoti na taarifa za malipo kwa simu. Mengi ya hayo hupitia kivinjari, yaani programu inayofungua tovuti, kama vile Chrome au Firefox. Kwa hiyo kivinjari kisichotunzwa huweza kufichua siri za mwenye simu pamoja na za wateja waliomwamini.

Watumiaji wengi hupanga faragha siku moja na kudhani kazi imekwisha. Hata hivyo, toleo jipya la programu huweza kuleta kipengele ambacho tayari kimewashwa. Simu mpya huja na mipangilio ya kiwandani. Na kila mtumiaji anapobonyeza "Ruhusu" kwa haraka, tovuti huweza kubaki na ruhusa hiyo kwa muda mrefu. Tunashauri ukaguzi ufuatao ufanyike angalau mara moja kwa mwezi:

1. Sasisha kivinjari kupitia duka rasmi la programu, kamwe si kwa kiungo ulichotumiwa. Matoleo mapya huziba mianya ya usalama.

2. Katika Mipangilio, fungua sehemu ya faragha na usalama, kisha zuia vidakuzi vya wahusika wengine. Vidakuzi ni kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha katika kifaa chako. Vile vya tovuti yenyewe hukuwezesha kubaki umeingia katika akaunti. Vya wahusika wengine hutumiwa na watangazaji kukufuatilia kutoka tovuti moja hadi nyingine.

3. Kagua ruhusa za mahali ulipo, kamera, maikrofoni na arifa. Ondoa zote usizozihitaji. Onyo la "simu yako ina virusi" au habari ya zawadi usiyoiomba mara nyingi hutoka katika tovuti uliyoiruhusu kutuma arifa.

4. Ondoa viendelezi usivyovitumia, kwani baadhi huweza kusoma kurasa unazozifungua.

5. Katika kompyuta ya ofisi au ya kukodi, usihifadhi nenosiri. Ukimaliza, toka katika akaunti na ufute mafaili uliyoyapakua.

Tunatahadharisha pia kuhusu hali fiche. Hali hiyo huzuia historia yako kubaki katika kifaa, lakini haikufichi kwa tovuti unayoitembelea, kwa mtoa huduma wa intaneti, wala kwa msimamizi wa mtandao wa hoteli au ofisi.

Mipangilio ni kinga ya kwanza. Kinga ya pili ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinavyotumika, kuomba zirekebishwe na kukataa zitumike kukutangazia biashara. Haki hiyo ikivunjwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nawe unayetunza pasipoti za wageni kumbuka kwamba sheria hiyo hiyo inakuwajibisha kwao.